Moshi wa Shangazi Kresenz

Kila asubuhi, saa kumi na mbili kasorobo, saa yake ya kuamshia ililia, na sisi tuliokaa ghorofa ya juu yake tuliamka naye, tutake tusitake. Kwanza tulisikia chuma cha kuchokolea majivu. Kisha kikohozi. Kisha mlango wa chini. Shangazi Kresenz alitoka na gauni lake la kulalia, miguuni kavaa mabuti ya marehemu kaka yake, mkononi kikombe cha kahawa, akasimama katikati ya njia na kuinua uso aangalie dohani yake. Theluji ije, upepo uje, alisimama pale mpaka moshi utoke. Ukishatoka alitikisa kichwa kama mtu aliyeitikiwa salamu, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Haya. Bado nipo." Halafu akarudi ndani.

Ng'ambo ya njia kuna Hoteli ya Kilele Cheupe, mali ya Medard, mtoto wa kaka yake. Wageni wa hoteli walikuwa wakitoka kwenye roshani na makoti ya manyoya ili wampige picha. Siku moja bwana mmoja mnene alimpungia mkono. Shangazi naye akampungia, kisha akakigeuza kiganja juu na kukiacha wazi. Yule bwana alishuka mbiombio kumletea faranga kumi, naye akazipokea, akazitia kwenye buti.

Medard alikuja amewiva uso. "Shangazi, unaomba omba mbele ya hoteli yangu!"

"Wewe unawatoza mia tatu kwa usiku waangalie mlima ambao si wako," Shangazi alimjibu. "Mimi nimechukua kumi tu, na gauni ni langu mwenyewe."

Kesho yake alitia jikoni matawi mabichi ya msonobari. Moshi mzito wa manjano ulivuka njia polepole, ukaingia kwenye roshani za ghorofa ya kwanza, pale pale wageni wanapokula mayai yao. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yake kwa Medard. Alimwandikia mara nyingi.

Kijiji kizima cha Erbiel tulimwita Shangazi, ingawa kwa damu alikuwa shangazi wa Medard peke yake, na huyo ndiye aliyelitamka neno hilo kwa shida kuliko wote. Mimi shule niliiacha mapema kwa ajili ya kifua. Watu hulipa fedha nyingi kuja kuvuta hewa ya Erbiel. Mimi niliyezaliwa ndani yake ndiyo ikanishinda. Basi nilikaa dirishani, na dirisha langu liko juu ya mlango wake. Ndiyo maana haya nayajua.

Alizaliwa katika chumba kile kile chenye jiko la mawe, miaka sabini na tisa kabla ya haya ninayoyasimulia. Baba yake alikuwa na ng'ombe watatu na mashamba ya viazi yaliyolala upande kiasi kwamba kiazi ukikichimba bila kukishika kinakimbilia kwa jirani. Enzi hizo, alituambia, utajiri wa mtu ulionekana kwenye lundo la samadi mbele ya nyumba. Msichana akichumbiwa, kwanza anaangalia lundo, uso wa bwana baadaye. Kisha watu wa mbali wakagundua kwamba theluji yetu, ambayo wazee waliilaani miaka mia nne, inaweza kutelezewa. Mashamba ya viazi yakaota hoteli. Wenyewe wakanunua magari marefu yasiyoweza kukata kona zetu.

Shangazi aliuza kipande kimoja tu, cha mawe matupu, ambapo hata mbuzi walikuwa wanasimama kwa zamu. Kwa fedha hiyo alitengenezewa meno mapya mjini. Leo pale pana duka la saa za dhahabu, na kila akipita aliyagonganisha meno, ka-ka-ka, akawaambia watoto, "Mnasikia? Hili ndilo shamba la viazi."

Lundo pekee la samadi lililobaki kijijini lilikuwa lake. Ng'ombe alikuwa naye mmoja, Turina, mweusi, mfupi, mwenye shingo ya fahali. Lundo alilikata pembe nne sawasawa kama mkate, na Jumapili alilichomeka ua juu. Lilitazamana na meza za nje za hoteli ya Medard.

Hakuolewa. Mdogo wake, Oliva, aliolewa bondeni chini, kwenye jua na miaprikoti, katika nyumba ambayo sakafu yenyewe inatoa joto. Kila vuli Oliva aliandika: njoo, chumba kipo, utalala mpaka jua likuchome. Kila vuli Shangazi alijibu kwa kadi yenye mstari mmoja: moto haujilindi.

Hapo sasa ndipo penye kisa. Sisi wazawa wa Erbiel tuna malisho yetu ya juu, Hoba, ambayo si ya mtu mmoja. Shangazi alipanda huko na ng'ombe kila majira ya joto tangu ana miaka sita. Kampuni moja ya mjini ilitaka kuinunua Hoba ijenge kituo cha vigari vya waya, na ichimbe bwawa pale ng'ombe wanapokunywa. Maji ya bwawa ni ya kutengenezea theluji.

"Theluji!" Shangazi aliposikia alikaa chini. "Baba yangu alikufa mgongo umepinda kwa kuifukua. Leo wajukuu wanaitengeneza!"

Lakini Hoba haiuzwi mpaka mikono yote ya wazawa wenye haki inyanyuke, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, mwezi wa tatu. Mmoja ukibaki mapajani, basi. Mwaka uliotangulia ilinyanyuka arobaini, wa mama yangu ukiwemo, maana mama, Ludwina, ndiye msimamizi wa dobi hotelini kwa Medard na kwa Medard alijua neno moja tu, ndiyo. Mkono wa arobaini na moja ulikuwa wa Shangazi. Ulikuwa unafuma soksi.

Baada ya hapo Medard akawa mpole ghafla. Alileta keki. Alileta blanketi. Akamwambia, "Shangazi, baridi hii ije ikukute kwangu. Chumba namba saba, bafu yake, dirisha linaangalia mlima."

"Kodi?"

"Kodi gani tena, wewe ni damu yangu!"

Shangazi alikwenda, akaoga saa mbili nzima, akala supu, akala na ya jirani yake, akatia mikate miwili mfukoni, na jioni akawa kwake anachokoa majivu. Medard alipomuuliza chumba kina kasoro gani alisema, "Hakina. Ila nikilala kwako, moshi wangu utalala wapi?"

Medard alicheka, maana aliona ni maneno ya bibi kizee. Lakini neno moshi lilimkaa.

Mwezi wa pili, asubuhi moja ya barafu, nilimwona Shangazi anatoka kama kawaida. Aliinua uso. Moshi ulichelewa kidogo, naye akarudi nyuma hatua moja auone vizuri, na buti la marehemu likateleza. Alianguka huku bado anaangalia juu. Mkono wa kulia ukavunjika. Walipompakia kwenye gari la wagonjwa alikuwa anagomba kwamba kahawa yake imemwagika.

Alikaa hospitali ya bondeni siku tisa. Medard, kama ndugu, alifunga nyumba na kuchukua ufunguo. Jioni ile ile mama yangu alimfuata pale mapokezi ya hoteli.

"Bwana Medard, niachie ufunguo nimwashie jiko."

"Jiko? Nyumba ya mbao, mwenyewe hayupo, moto unawaka? Unataka tuungue kijiji kizima, Ludwina?"

"Mimi ndiye ninayekaa juu yake."

"Ndiyo maana nakuonea huruma."

Mama akasema ndiyo, akarudi. Alimkamua Turina, kwa kuwa banda halina kufuli. Lakini ile dohani ilikaa siku tisa bila hata uzi wa moshi, na saa ya kuamshia ililia alfajiri ya kwanza ndani ya nyumba tupu mpaka ikachoka yenyewe, maana hapakuwa na wa kuijaza ufunguo.

Siku ya tano karatasi ilibandikwa kwenye ubao mbele ya kanisa. Medard alikuwa amekwenda kwenye sanduku la hati za wazawa, akaikuta kanuni ya zamani ambayo hakuna aliyeisoma tangu enzi za mababu, akainakili kwa herufi kubwa. Ilisema: *Mwenye sauti juu ya Hoba ni mzawa ambaye moshi umepanda kutoka jiko lake mwenyewe, kwa kuni, bila kukatika hata siku moja, tangu Mtakatifu Martino hadi Mtakatifu Yosefu. Ambaye moshi wake umekatika atanyamaza hadi mwaka ufuatao.* Martino kwetu huangukia Novemba, baridi ikianza. Chini ya kanuni aliongeza: mwaka huu itafuatwa neno kwa neno. Na chini kabisa muhuri wa mwenyekiti wa wazawa, Emerich, mwenye lile duka la saa, mtu anayependa muhuri kuliko chakula.

Watu walipita na mbao zao za kutelezea begani, wakasoma, wakatikisa kichwa. Wengine walimwonea huruma Shangazi. Hawakumwonea sana.

Aliporudi, mkono kwenye plasta, hakuingia ndani kwanza. Alikwenda kwenye ubao. Mama na mimi tulimfuata. Alisoma mara moja haraka, mara ya pili polepole, kidole cha kushoto kikifuata mistari.

"Nani kabandika hii?"

"Medard," mama alisema, macho chini.

"Na muhuri?"

"Wa Emerich."

"Umekauka?"

Mama aliugusa. "Umekauka."

"Vizuri," Shangazi alisema, akaenda zake kumsalimia Turina.

Tangu hapo habari zake zilinishangaza. Jiko aliliwasha, na asubuhi alitoka kama kawaida, ila dohani yake hakuitazama tena. Alitazama za watu. Alizunguka kijiji kizima na kile kiplasta chake kama anabeba mtoto, akaingia nyumba hii na ile, na kwa kuwa ni mgonjwa hakuna aliyemnyima kiti. Siku aliyokwenda kwa Emerich nilikuwepo, nilipeleka saa ya baba ikatengenezwe.

"Emerich, mwanangu, nyumba yako ina joto tamu. Hizi kuni ni za mti gani?"

"Kuni!" Emerich alicheka mpaka miwani ikateleza. "Shangazi, huu ni umeme. Hapa tumesahau hata majivu yanafananaje."

"Hongera. Tangu lini?"

"Mwaka wa kumi na mbili huu."

"Hongera sana."

Kutoka hapo alikwenda hotelini kwa Medard, akakaa mbele ya lile jiko kubwa la ukumbini ambalo wageni hunyooshea miguu. Aliuangalia moto kwa muda.

"Moto mzuri. Mbona hautoi moshi?"

"Ni gesi, Shangazi. Hizo kuni unazoziona ni za udongo." Medard alijaa fahari. "Mgeni wa leo hapendi moshi."

"Na nani anaupenda, baba," Shangazi alisema, akaomba supu.

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, baada ya misa, wazawa walijaa ukumbi wa shule. Mvinyo mweupe ulipita kwenye vikombe vya bati, na mkate mweusi, na jibini. Sisi wa familia tulikaa nyuma. Mbele, karibu na Emerich, alikaa bwana wa kampuni, viatu vyake vyembamba vimelowa, mkoba magotini. Ilijulikana kwamba kampuni imetoa muda hadi Pasaka. Ikikosa Hoba inakwenda bonde la pili, ambako tayari wanaisubiri kwa maua.

Shangazi alikuwa mstari wa kwanza. Soksi hakuleta, mkono haukuruhusu.

Medard alisimama, akaisoma kanuni yote kwa sauti ya padri. Alipomaliza alimgeukia. "Shangazi, nisamehe. Moshi wako ulikatika siku tisa. Sheria si yangu, ni ya mababu."

"Umesoma vizuri," Shangazi alisema. "Ulikuwa unaniangusha sana nilipokufundisha katekisimu, kumbe kusoma unajua."

Watu wakacheka. Medard pia alicheka, ushindi ulimpa ukarimu.

"Mimi nimenyamaza," Shangazi akaendelea. "Kanuni imesema ninyamaze na nimenyamaza. Nauliza tu, kabla sijanyamaza vizuri. Mwenyekiti, hutawaita wenye haki kwanza? Wale ambao moshi wao umepanda. Kwa kuni. Neno kwa neno."

Emerich alifungua daftari, kalamu tayari. "Bila shaka. Wenye moshi, mikono juu."

Mikono ilianza kunyanyuka kwa mazoea, kisha ikapungua kasi, ikasimama njiani kama ng'ombe walioona kijito kipya.

"Mimi ninalo jiko la ukumbini," alisema Medard.

"La gesi," Shangazi alisema. "Kuni za udongo. Uliniambia mwenyewe, na supu ukanipa."

"Mimi Krismasi niliwasha!" mtu mmoja alipaza sauti.

"Tangu Martino hadi Yosefu, bila kukatika hata siku moja," alisoma mwingine kutoka kwenye karatasi ya Medard, na mara akajuta kuisoma.

"Mimi navuta kiko!" alisema mwokaji mikate. "Moshi ni moshi!"

"Kiko chako ni jiko?"

"Tanuri yangu basi!"

"Tanuri yako ni ya umeme, nililia mlangoni kwako ulipoibadilisha, mkate haujawa mkate tena!"

Ukumbi ukawa soko. Mtu alimwambia mke wake, si nilikukataza kulitoa lile jiko la mama, naye akamjibu, ulilitoa wewe, ukaweka televisheni. Emerich aligonga kengele, akauliza tena, safari hii kwa sauti ndogo: kuna yeyote? Hakunyanyuka hata mmoja. Aliutazama mkono wake mwenyewe pale mezani.

"Hata mimi sina," alisema, kama mtu anayetangaza msiba.

Medard aliruka. "Basi tuifute! Tuifute hiyo kanuni sasa hivi, tupige kura!"

"Nani atapiga?" Shangazi aliuliza.

"Sisi!"

"Ninyi mmenyamaza, baba. Kama mimi."

Bwana wa kampuni alimwinamia Emerich. "Samahani, sasa ni nani anayetia sahihi?"

Emerich aliutazama ule muhuri wake kwenye karatasi. Ulikuwa umekauka kweli kweli. "Mwaka huu," alisema, "hakuna."

Yule bwana alifunga mkoba, akala kipande cha jibini kwa adabu, akaondoka na viatu vyake. Mbele yangu mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa. Nilidhani analia. Alikuwa hajawahi kucheka mbele ya Medard.

Kesho yake saa kumi na mbili kasorobo sikusikia saa. Sikusikia chuma cha majivu. Saa moja, kimya. Saa mbili, kimya. Mama alishuka miguu mitupu, akagonga, akijua, alivyosema baadaye, kwamba atakuta maiti. Alimkuta Shangazi amekaa kitandani, nywele kama kiota, anatabasamu.

"Ludwina, ulijua kwamba asubuhi ina sehemu ya pili?"

"Shangazi, moto!"

"Moto wa nini? Mimi sina haki tena, sina cha kulinda. Nimelala mpaka jua limenichoma." Alitoa kiberiti chini ya mto, akamtia mama mfukoni mwa aproni. "Miaka sitini na mmoja niliamka kwa ajili ya dohani hii. Chukua jiko, chukua Turina. Novemba, siku ya Martino, uanze. Na siku ya Yosefu, wakikuambia nyanyua mkono?"

Mama aliuangalia mkono wake uliobabuka kwa sabuni ya hoteli.

"Utakuwa umechoka kwa kupasua kuni," alisema. "Hautanyanyuka."

Saa nne Shangazi alitoka amevaa koti la kanisani, kikapu kwenye mkono mzima. Mabuti ya marehemu aliyaacha mlangoni. Alisimama katikati ya njia kama siku zote, akainua uso. Dohani ilikuwa tupu, nyuma yake anga la buluu.

"Haya," alisema. "Sasa sipo."

Ng'ambo, Medard alikuwa juu ya ngazi na fundi, wanapima ukuta wa hoteli mahali pa kupitisha bomba la moshi. Fundi mwingine alisubiriwa kwa Emerich, mwingine kwa mwokaji. Mafundi wa majiko hawakutosha.

"Shangazi! Na koti hilo, unakwenda wapi?"

"Kwa Oliva. Kulala."

"Utarudi lini?"

Alivuka njia, akatoa kwenye kikapu ile saa ya kuamshia, akaijaza ufunguo mpaka mwisho kwa mkono wa kushoto, akaisimamisha kwenye ngazi, karibu na kiatu cha Medard.

"Nimekutegea kasorobo," alimwambia. "Novemba utaihitaji. Bila kukatika hata siku moja, baba."

Kisha akashuka njia ya bondeni kwa miguu, akipita dukani kwa Emerich, ambapo nilisikia meno yake, ka-ka-ka, na kwenye kona ya kanisa hakugeuka kuangalia dohani ya mtu yeyote. Hakurudi.